Kopo la Pili

Wanadamu wameandika mengi juu ya mambo yanayowatukuza, na machache juu ya mambo yanayowafanya kuwa sawa. Vitabu juu ya enzi, elimu, mapenzi na mauti vimejaa katika maktaba zetu; lakini juu ya choo, mahali ambapo tajiri na maskini, mwalimu na mwanafunzi, hakimu na mshtakiwa huingia kila siku kwa haja ile ile, waandishi wamenyamaza. Kimya hicho kina sababu njema. Staha ni pambo la lugha, na Kiswahili kina adabu kubwa katika jambo hili: mtu muungwana huenda haja, huenda msalani, huenda maliwato, au hutoka kidogo tu. Walakini staha iliwekwa iwe mlinzi wa maneno, haikuwekwa iwe kizuizi cha fikira. Jambo ambalo mtu hulifanya kila siku, na ambalo hawezi kulifanya bila ya kumgusa mwenziwe kwa wema au kwa ubaya, ni jambo la maadili, na lastahili kupimwa kwa mizani ile ile tupimiayo ahadi, amana na deni.

Swali ninalotaka kulichungua ni hili: mtu anadaiwa nini na yule ajaye nyuma yake? Nasema juu ya mtu asiyeonekana, asiyechaguliwa, ambaye hatajua nani alimtangulia, na kwa hiyo hataweza kumshukuru wala kumlaumu. Wanafalsafa wanaweza kulitazama swali hili katika mambo makubwa kama vile urithi wa ardhi au madeni ya taifa. Mimi nimechagua kulitazama katika choo cha uani cha nyumba za kupanga za Dar es Salaam, kwa kuwa hapo ndipo nilipokutana nalo kwanza, na kwa kuwa sijaona shule iliyolifundisha kwa uwazi zaidi.

Nyumba ya Kiswahili, kama ilivyojengwa Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke, ina umbo linalojulikana. Mbele ipo baraza. Katikati hupita ukumbi ulionyooka tangu mlango wa mbele hata mlango wa uani. Na kila upande wa ukumbi vipo vyumba vitatu, jumla yake sita. Nyuma upo ua uliozungushiwa ukuta au mabati, na humo uani lipo jiko, mahali pa kuogea, na choo: kijumba chembamba chenye shimo refu chini ya sakafu ya saruji, na tundu moja katikati. Mwenye nyumba aghalabu alikaa katika chumba kimoja akapangisha vilivyosalia, na kila chumba kikawa na jamaa yake. Kwa hesabu hiyo haikuwa ajabu watu 20 na zaidi kutumia tundu moja. Katika nyumba niliyokulia, Kariakoo, miaka ya 1960, tulikuwa 23.

Ni vema kukumbuka kwamba hali ile haikushuka kutoka mbinguni. Katika zama za ukoloni mji uligawanywa sehemu tatu, ambazo watu waliziita kwa majina yao wenyewe: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Kariakoo na mji wa wengine. Sababu moja kubwa iliyotolewa ilikuwa afya. Waafrika walitengwa kwa kusingiziwa kuwa ni hatari kwa afya ya wengine, kisha wakaachwa wachimbe mashimo yao wenyewe nyuma ya nyumba zao. Hivyo choo cha uani kilianza maisha yake chini ya dhuluma, na neno lolote jema nitakalolisema juu ya watu waliokitumia lisihesabiwe kuwa ni neno jema juu ya dhuluma hiyo.

Choo hicho hakikuwa na kufuli wala bawabu, lakini kilikuwa na sheria. Aliyekuja hakugonga mlango. Alikohoa akiwa mbali, na aliyekuwamo akajibu kwa kikohozi, kwa maana kuzungumza ndani ya choo ni utovu wa adabu. Khanga ikitundikwa juu ya mlango, palikuwa na mtu. Wawili wakikutana njiani, mmoja akienda na mwingine akirudi, hawakusalimiana mpaka watakapokutana tena mahali penye heshima zaidi. Mzee alipishwa, mja mzito alipishwa, na mtoto aliyeshika tumbo alipishwa na wote. Mlangoni palikuwa na pipa la maji na kopo. Aliyetoka alipaswa kumwaga kopo moja kwa ajili ya nafsi yake, ili aondoe alichokiacha. Kisha alipaswa kumwaga kopo la pili kuzunguka sakafu, kwa ajili ya yule ajaye nyuma. Watoto tulifundishwa kopo hilo la pili kabla ya kufundishwa kusoma. Mtoto aliyerudi haraka mno aliulizwa na mtu mzima yeyote aliyekuwapo uani, awe mama yake au asiwe: “Umemwachia mwenzio?”

Kopo la kwanza halina haja ya falsafa. Kila mtu huona haya kuacha alama yake, na haya ni mlinzi wa kutosha. Lakini kopo la pili linashangaza kila ukilifikiri. Hakuna aliyeliona likimwagwa. Ajaye nyuma hakuweza kujua kama sakafu ilikuwa safi kwa juhudi ya mtu au kwa bahati. Tena mtu hakuweza kuchagua wa kumtendea: huenda aliyefuata alikuwa rafiki yake, na huenda alikuwa yule waliyegombana naye asubuhi kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo.

Atatokea msomaji mwerevu aseme kwamba hii ni biashara ya kubadilishana tu: namwagia wengine ili wengine wanimwagie. Hoja hii ina nguvu, na sitaki kuipita kando. Hapana shaka kwamba watu wengi walikuwa na hesabu hiyo moyoni. Lakini itazame vizuri. Aliyenimwagia mimi siye ninayemmwagia. Fadhili niliyopewa na aliyenitangulia siwezi kumrudishia, kwa kuwa amekwisha kwenda zake; naweza tu kuipeleka mbele kwa mwingine. Katika biashara deni hurudi kwa mkopeshaji. Katika choo cha uani deni lilikwenda mbele daima, kama deni la malezi, ambalo mtu huwalipa watoto wake kwa yale aliyopewa na wazazi wake. Tena nyumba yetu ilikuwa na desturi moja iliyoyapita mabadilishano yote. Mpangaji aliyekuwa akihama, asubuhi ya siku yake ya mwisho, mkokoteni ukiwa mlangoni na godoro limekwisha fungwa, alikwenda kufagia choo kabla ya kuaga. Hakuwa akirudi. Hakuna atakayemmwagia tena mahali pale. Lau wajibu ungekuwa biashara, yeye angekuwa ameachiliwa. Lakini wote walimwona kuwa hajaachiliwa, na yeye mwenyewe alijiona hivyo.

Basi sheria ya kwanza tuwezayo kuitoa humo ni hii: tunadaiwa na ajaye nyuma kwa sababu tu kwamba anakuja, na kwamba ana mwili kama wetu. Hahitaji kuwa ndugu, wala mwema, wala mwenye uwezo wa kulipa.

Lakini wajibu ukikubaliwa na wote, huja swali gumu zaidi: je, wajibu huo waweza kununuliwa? Juu ya hili nitasimulia kisa kimoja. Kufagia na kujaza pipa kulikwenda kwa zamu, siku moja kila chumba, na siku ya saba ilikuwa ya mwenye nyumba tena, ambaye alikuwa bibi mtu mzima. Akaja mpangaji mpya, kijana karani, mtanashati wa mavazi na maneno. Zamu yake ilipofika alimwendea mjane wa chumba cha nyuma, muuza vitumbua, akampa senti 50 ili afagie badala yake. Mjane akapokea kwa furaha. Juma la pili wapangaji wawili wengine wakafanya vile vile. Bibi alipopata habari akawaita watu wote uani baada ya alasiri.

Karani akamwamkia kwa adabu, akajitetea hivi: “Bibi, sikumlazimisha mtu. Mimi nina senti lakini sina nafasi; mama huyu ana nafasi lakini hana senti. Kila mmoja amepata alichokosa. Nani aliyedhulumiwa?”

Bibi akamwuliza: “Mwanangu, na hawa wote wakilipa kama wewe, atakayebaki kupokea ni nani?”

Kijana akanyamaza. Lakini mjane hakunyamaza. Alisema: “Bibi, unisamehe, mimi ni mdogo mbele yako. Senti zile ni unga wa wanangu. Ukizikataza, wanangu nitawaambiaje?”

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya haki tangu siku ile, na sijaona mahali swali hili lilipowekwa wazi kuliko uani pale. Karani alikuwa na hoja ya uhuru: watu wazima wawili wamekubaliana, na hakuna aliyelalamika. Bibi alikuwa na hoja ya usawa: zamu ikiuzwa, haitauzwa kwenda kila upande, itateremka kama maji mpaka imfikie aliye chini kuliko wote, nayo itabaki hapo. Lililokuwa jambo la siku ya mtu litageuka kuwa jina la mtu. Na mjane alikuwa na hoja ya njaa, ambayo haina budi kusikilizwa kabla ya nyingine, maana ni rahisi kulinda heshima ya maskini kwa kumnyima kipato.

Bibi alikata shauri hivi. Mjane aendelee kulipwa na vyumba vyote, tena zaidi ya awali, kwa kuteka maji ya kujaza pipa. Kazi hiyo ilikuwa nzito na bomba lilikuwa mbali. Lakini ufagio usiuzwe. Kila chumba kitafagia siku yake kwa mkono wake. Wengine walicheka wakidhani amegawa jambo lisilogawanyika. Mimi naona aligawa mahali panapostahili. Kazi yaweza kulipiwa, na mfanyakazi alipwe vizuri. Kisichoweza kununuliwa ni ruhusa ya kutojua. Mtu aliyefagia choo mara moja kwa juma hawezi kuacha uchafu kwa kutojali siku sita zilizobaki, kwa kuwa anajua mgongo unavyouma. Wala hawezi kumdharau afagiaye, kwa kuwa jana alikuwa ni yeye.

Uone ni nini hutokea mahali ambapo ruhusa hiyo imenunuliwa na mji mzima. Katika miji yetu ya pwani alikuwapo mtu aliyeitwa topasi, ambaye kazi yake ilikuwa kusafisha vyoo vya wengine. Mji haukuweza kuishi bila yake hata juma moja, na mji huo huo ulilifanya jina lake kuwa tusi. Wahenga wametuonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo; lakini topasi alitukanwa na wale wale waliokuwa wakimhitaji kesho yake asubuhi. Mambo haya hayakuwa ya nchi moja. Mwaka 1901 Mohandas Gandhi alihudhuria mkutano wa chama cha Congress katika mji wa Calcutta, akakuta vyoo vichafu mno. Alipowaeleza vijana wa kujitolea, wakamjibu kwamba ile ni kazi ya mafagizi, siyo yao. Akaomba ufagio akasafisha mwenyewe. Katika maisha yake aliyoyaandika baadaye alieleza kwamba aliweza kusafisha kwa haja yake tu, kwa maana watu walikuwa wengi na vyoo vichache, na kuvisafisha vyote kulizidi nguvu za mtu mmoja. Naliona neno hilo kuwa la kweli na la huzuni. Hata mtu mwenye moyo kama ule, akiwa peke yake, hufika katika kopo la kwanza. Kopo la pili lataka watu waliokubaliana.

Sasa yanipasa kusema juu ya wale wanaosifu. Siku hizi, mahali penye wazee wa mjini, hasa wale waliokwisha hamia nyumba zenye kila kitu ndani, husikiwa maneno matamu juu ya maisha ya uani: jinsi watu walivyojuana, walivyougua pamoja, walivyolea watoto pamoja, na jinsi kila mtu sasa alivyojifungia kwake. Nami nimekwisha sifu kwa kiasi changu. Lakini nimechunguza wasifuo ni akina nani, nikaona kwamba aghalabu ni wanaume ambao siku zile walikuwa wavulana.

Waulize dada zao. Mvulana alikwenda chooni usiku akipiga mluzi. Msichana hakwenda peke yake. Ilimlazimu kumwamsha mama yake au mdogo wake, kuwasha kibatari, kufungua mlango wa uani, na kuvuka giza akisikiliza hatua za watu. Wako wanawake waliojizuia kunywa maji tangu magharibi ili wasifikwe na haja usiku, wakaugua kwa kiu na kwa kujizuia. Msichana aliyekwisha vunja ungo alikuwa na mambo ya kustiri ambayo ua wa watu 23 haukuweza kuyastiri. Mgonjwa wa kuhara alivuka ua mara 10 kwa usiku mmoja, na watu wote wakihesabu. Bibi kizee ambaye magoti yake yalikataa kukunjika alishikwa mkono na mjukuu mpaka ndani, na alichokipoteza hapo hakikuwa kitu kidogo. Shida ilikuwa ya wote kwa jina; kwa uzito haikuwa sawa. Tundu moja kwa watu wote laonekana kuwa usawa kamili, kumbe kitu kimoja kikigawiwa miili isiyolingana huzaa dhuluma kimya kimya.

Kwa hiyo natofautisha mambo mawili ambayo wasifuo huyachanganya. Wema uliozaliwa na dhiki ni wema kweli, na waliokuwa nao wastahili heshima. Walakini wema huo hauigeuzi dhiki kuwa njema. Mtu aliyejifunza subira gerezani asifiwe kwa subira yake, lakini asiwepo mtu wa kusema kwamba gereza lisibomolewe lisije likapotea lile somo. Tukisema ujirani ulikuwa mkubwa kwa sababu choo kilikuwa kimoja, tunamwambia msichana yule wa usiku kwamba hofu yake ndiyo iliyokuwa bei ya urafiki wetu. Na hatukumwuliza kama yuko radhi kuilipa. Choo ndani ya nyumba, chenye mlango, taa na maji, ni maendeleo, na yeyote anayeyasikitikia kwa sababu ya kumbukumbu zake tamu na aisikitikie kwanza shida ya wengine.

Ikiwa ndivyo, je, kila nyumba itakapokuwa na choo chake, wajibu wa kopo la pili utakuwa umekwisha? Watu wengi wanadhani hivyo, na hapo ndipo ninapoona kosa kubwa la zama zetu. Wajibu umeondoka machoni tu. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam bado haijaunganishwa na mabomba ya kuondolea maji machafu. Uchafu wa vyoo vya ndani, pamoja na marumaru zake na milango yake yenye komeo, huingia katika mashimo ya chini ya ardhi. Mashimo hujaa. Mwungwana huita gari la kunyonya. Lakini wako wengine ambao hungoja masika, na mvua kubwa inapoanza usiku hufungua shimo na kuuacha mkondo uchukue yaliyomo. Mji una neno lake kwa kitendo hicho: watu husema wametapisha choo. Mkondo huteremka kutoka kwa waliojenga juu kwenda kwa waliojenga chini, mpaka bonde la Msimbazi na Jangwani, ambako watu hushinda wakitoa maji hayo vyumbani kwa ndoo. Aliyetapisha alioga, akajifunga mlango, akalala usingizi mwema. Hakumwona ajaye nyuma, kwa kuwa siku hizi ajaye nyuma hasimami mlangoni akikohoa; anakaa nusu maili chini ya mteremko.

Jambo hili si la maji peke yake. Mbu aina ya Culex huzaliana kwa wingi katika maji machafu ya vyoo vya shimo, na katika nchi zetu mbu huyo huchukua vijidudu viletavyo matende na mabusha. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, wataalamu walitia katika mashimo ya vyoo punje nyepesi za plastiki, ambazo huelea zikafunika maji hata mbu asiweze kuzaliana. Na wakati huo huo wakazi wakapewa dawa. Mbu wakapungua sana, na maambukizo yakapungua pamoja nao. Funzo lililomo ni kwamba mashimo ya kijiji yalipaswa kutendewa pamoja, kama kwamba yote ni shimo moja. Mtu mmoja akikataa, mbu wa shimo lake hawaumi jamaa yake peke yao. Mabaharia wa pwani wana methali: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ni sehemu ya chini kabisa ya chombo, yanapokusanyika maji yote machafu. Nahodha aliye tezi na baharia aliye omo wana ngama moja, na ikijaa chombo huzama na wote.

Kwa nini basi watu wenye uwezo huchelewa kuona jambo lililo wazi kama hili? Nadhani jibu limo katika kisa cha mji wa London. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa wa Soho, na daktari John Snow akaonyesha kwamba vifo vilizunguka pampu moja ya maji katika njia ya Broad Street; uchunguzi ukafuatia, ikagunduliwa kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivujia katika kisima hicho. Lakini hatua kubwa haikuchukuliwa kwa ajili ya wafu wale. Ilikuwa katika majira ya joto ya 1858, uvundo wa mto Thames ulipopanda mpaka ndani ya majumba ya Bunge na wabunge wakashindwa kukaa, ndipo sheria ilipopitishwa upesi na mhandisi Joseph Bazalgette akaweza kujenga mifereji mikubwa ya chini kwa chini. Vifo vya Soho vilikuwa habari. Uvundo ulikuwa jambo la wabunge wenyewe. Haki ilifika bungeni kwa njia ya pua. Wala tusiwacheke Waingereza wale, maana nasi tuna desturi hiyo hiyo: bonde hufurika kila mara, na mlima hausikii harufu.

Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba maji salama na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Tamko hilo ni jema, na serikali yoyote ibanwe kwa tamko hilo: mabomba, mitambo na sheria za ujenzi ni kazi ya dola, na hakuna wema wa majirani utakaojenga mfereji wa mji mzima. Nalisema hili wazi ili nisidhaniwe kuwahubiria maskini ufagio wakati wenye mamlaka wamelala. Lakini haki yoyote, ili iwe haki, yataka awepo anayedaiwa, na katika jambo hili kila mdai ni mdaiwa pia. Tanzania ilipoanzisha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, kwa redio na kwa vikundi vya kujisomea vilivyoshirikisha watu wapatao milioni 2, nguvu yake ilikuwa katika kuyaunganisha mambo hayo mawili: taifa lilitoa maarifa, na watu waliokaa pamoja wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuambiwa tu kwamba wana haki ya afya. Waliulizwa watafanya nini kwa ajili ya afya ya jirani.

Wasomaji wengi wa kurasa hizi ni wanafunzi, na wengi wao hukaa katika mabweni, ambako milango kadhaa hutumia vyoo vichache. Wamesoma nadharia za haki. Wameandika mitihani juu ya usawa, na juu ya wajibu wetu kwa vizazi vijavyo. Nawasihi wazipime nadharia hizo mahali pale, asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, wakiwa na haraka na hakuna anayewaona. Aliyeacha uchafu kwa kuwa yuko mtu aliyeajiriwa kusafisha amefanya alilolifanya karani yule, isipokuwa karani alilipa kwa mfuko wake mwenyewe na alijua jina la mjane. Je, wao wanalijua jina la anayewasafishia? Wanajua mshahara wake, na kama unatosha?

Nami narudi katika swali nililoanza nalo. Mtu anadaiwa na ajaye nyuma yake mahali palipo angalau kama alivyotamani kupakuta. Anadaiwa hata akiwa anahama kesho. Na deni hilo haliishi kwa kujenga ukuta wala kwa kufunga komeo, maana ukuta humficha mdai bila ya kulifuta deni. Yule wa uani tulimsikia akikohoa, ikawa rahisi kumkumbuka. Wa leo yuko mbali, chini ya mteremko, au hajazaliwa bado. Kwake yeye kopo la pili ni gari la kunyonya lililoitwa kwa wakati, ni kodi iliyolipwa na kutumiwa kwa uaminifu, ni mfereji uliojengwa kwanza bondeni kabla ya mlimani, na ni mshahara wa kutosha kwa mtu anayeinama ili sisi tusiiname.